Sauti Inayopanda Mwishoni

4 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Mgongo wa mama umepata nafuu? Mimi mwili hauna neno, ila roho iko juu juu.

Mwalimu wangu, somo lako limenikaa kupita kiasi. Ulinikaririsha Kiingereza cha kusifu tu, sauti ipande mwishoni, ili waajiri wanipende. Basi madamu ninayemfanyia kazi za nyumbani akiuliza nakionaje chumba changu, kile kisicho na dirisha nyuma ya mashine ya kufulia, mdomo unajibu wenyewe kwamba kinapendeza: "Lovely!" Akitoka hufunga geti, anaondoka na funguo, nami namuaga kwa sauti hiyo hiyo.

Jana wakala aliyenileta huku alipiga simu. Mkataba unakwisha, akataka kujua kazi naionaje. Madamu hakuwepo, dada, nilikuwa peke yangu kabisa! Nikamwambia kila kitu kinapendeza mno. Akanipongeza, akasema ataniongezea miaka miwili.

Nifanyeje?

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anajikongoja, hajambo. Barua yako imenichekesha, kisha nikakaa chini nikalia.

Mpigie wakala kabla hajatia saini. Mwambie chumba kibaya, geti linafungwa, umechoka. Kila neno baya lishushie sauti mwishoni, liache hapo hapo. Usitabasamu, maana tabasamu husikika hata kwenye simu. Na usimshukuru! Nakujua wewe, utamshukuru.

Fanya mazoezi bafuni, maji yakimwagika.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Wazima? Mimi nipo.

Nilifanya mazoezi mpaka madamu akauliza namwimbia nani. Kisha nikampigia wakala, nikayasema yote, chumba, geti, uchovu. Maneno yalikuwa yako, lakini sauti ikapanda ile ile, kama namkaribisha chai. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema Kiingereza changu sasa kimeiva, hata mzaha nauweza. Saini alikwisha kuitia.

Jana madamu aliniruhusu kumpigia mama. Huyo nikamwambia kwa lugha yetu wenyewe: "Mama, nimechoka. Nataka kurudi nyumbani."

Sauti ikapanda tena, naye akacheka kwa furaha. Akasema moyo wake umetulia, kwa sauti ile anasikia mwanawe anaishi raha mustarehe. Nikamjibu ahsante.

Dada, mwambie wewe. Mwambie nilikuwa nalia.

Mdogo wako