Dirisha la Bomba la Mvua

Jumatatu, 4 Machi
Fundi amefika saa mbili kamili, kama alivyoahidi. Ajabu! Amegonga vigae vya bafuni, vikalia kama debe tupu. "Mzee, hapa hakuna ukuta, pana mazoea tu." Nilijizuia kucheka. Vyote vitabomolewa. Bafu jipya zima ni zawadi kutoka kwa binti yetu mkubwa. Nashukuru, sana.

Jumanne, 5 Machi
Binti amepiga simu. Anataka lile dirisha lililo kando ya bomba la mvua lizibwe. Ni kweli, mbao zimeoza na maji yanapenya ukutani. Pia atamletea mama yake mtu wa kumwogesha.

"Kwani mimi kichanga?" — mke wangu, baada ya simu kukatwa.

Tangu alipoanguka, mguu wake wa kushoto haumtii. Lakini huoga mwenyewe, ameketi kwenye kigoda. Mimi hukaa nje, benchini, chini ya dirisha hilo, nikimsomea gazeti. Nikiruka habari, hunigombeza. Nikisoma za mpira, huguna. Siku akinyamaza, nitaingia. Hajawahi kunyamaza. Binti hayajui haya. Nitamweleza kesho.

Alhamisi, 7 Machi
Jana sikumweleza. Leo tumekwenda kliniki, tumerudi — dirisha halipo! Matofali mpaka juu. Fundi anatabasamu: "Dada kanipigia, kasema ziba. Nimeziba, Mzee!"

Mke wangu alitazama. Akakunja taulo lake, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Ikabidi nimweleze fundi habari za benchi. Nilisema nikitazama ndoo yake. Akakuna kichwa. "Kumbe nyinyi bado mnachumbiana!"

"Adabu," nikamwambia.

"Adabu ninayo, Mzee. Nyundo iko wapi?"

Saruji ilikuwa bado mbichi. Alhamdulillahi kwa saruji mbichi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimempigia binti, nikamweleza yote. Akauliza: "Baba, mbona hamkusema?" Halafu: "Na maji yakimwagika, utamsikia kweli?" Nikasema ndiyo. Hakuridhika. Atakuja Jumapili ajionee. Asiporidhika, yule mwogeshaji anaanza Jumatatu. Mke wangu alisikia. Amekula nusu ya chakula chake.

Jumapili, 10 Machi
Dirisha jipya! Fremu ya alumini, kioo cha ukungu. Fundi ameinamisha kizingiti ili maji yarudi bafuni, wala yasituame. Na kishikio amekiweka chini, mkono wa aliyeketi ukifikie. Sikumwagiza hilo. Alikalia kigoda yeye mwenyewe, nguo zake zote mwilini, akajipima! Nimemshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Sasa naandika benchini, gazeti gotini. Binti yuko kando yangu, amekunja mikono. Mama yake ameingia peke yake, akatukataza kumfuata. Maji yanamwagika. Dirisha limefungwa — kioo hiki ni kinene kuliko kile cha zamani, kinazuia sauti. Sikulifikiria hilo.

Nimesoma habari ya kwanza. Kimya.

Nimesoma za mpira, kwa sauti ya darasani. Kimya.

"Baba, naingia." Amesimama.

"Mpe nafasi, mwanangu."

"Baba!"

Nimeacha kusoma. Natazama kivuli cha kishikio nyuma ya kioo tu.

Kimetikisika. Kimekwama. Kimetikisika tena — dirisha limefunguka, mguno umetoka.

Binti ameketi.