Bagi Lililokatwa Mbavu

Mtaa wa Msikitini,
Mambrui, Malindi.
Jumatatu, 18 Agosti 2025.

Mpendwa ndugu yangu Ridhwan,

Asalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa: marahaba, na Mungu akuweke. U hali gani huko Doha? Kikohozi cha vumbi kimeisha? Na wale wenzako wa chumbani, bado wali wao waungua kila siku au umewafunza adabu?

Sisi huku tu wazima. Mama miguu yamuuma kusi likivuma, lakini sala hazimpiti, na mdomo wake wafanya kazi vilevile. Mkeo Zuhra hajambo, yuko mbioni na harusi ya binti yenu hata kula hukumbushwa. Mimi niko na cherehani yangu, nguo za watu zimejaa mpaka kitandani.

Utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu zipo. Nimetuma sauti, wewe wanijibu “inshaallah dada” na kile kipicha cha mikono ya dua. Nikipiga, Mama yuko pembeni au Saad yuko nyuma ya mlango. Karatasi haina wa kuikatiza. Jirani yetu Kaingu anarudi kazini huko kwenu Jumatano, ndiye nimemkabidhi barua hii na kopo la halwa.

Keti basi, usome polepole.

Habari ya ajali umeipata, lakini umeipata kwa mdomo wa Saad, na wewe wamjua mdogo wako. Kwake yeye gari liliteleza kidogo na Kenga akaumia kidogo. Sasa ipate kwangu.

Ulipotuletea lile bagi, gari la mchangani la kubebea wageni pale vilimani na mazao ya shamba, lilikuwa na mbavu za chuma juu na mikanda kwenye viti vyote viwili. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba zile mbavu ndizo roho ya gari. Likibingirika, chuma hupigana na ardhi, na mtu akiwa amefungwa mkanda hubaki ndani salama. Sikusahau, kwa sababu nilicheka nikakuuliza kwa nini umtumie mdogo wako kitu ambacho wajua chapinduka. Ukasema hakipinduki kikiheshimiwa.

Basi hakikuheshimiwa. Ilipofika harusi ya mtoto wa mjomba, mwezi wa Iddi, Saad alitaka bwana harusi apandishwe humo. Na zefe letu, maandamano ya kumsindikiza bwana harusi, wewe walijua: yeye asipoonekana na kilemba chake, joho lake na upanga wake, matwari yamepigwa bure. Ndani ya zile mbavu hakuonekana. Saad akachukua grenda akazikata zote. Nyuma, pale pa kuwekea mizigo, akachomelea jukwaa na benchi juu yake, bwana harusi akasimama juu kama sultani. Mikanda ya viti akaifyeka akafungia spika. Kile kibandiko cha onyo mbele ya kiti, chenye mchoro wa gari lililopinduka, akakifunika kwa kibandiko cha Mashaallah chenye maua.

Zefe lilipendeza, sikatai, na vigelegele nilipiga. Lakini zefe ni mwendo wa miguu, tena barabara tambarare. Nilidhani kesho yake atarudisha kila kitu mahali pake. Hakurudisha. Alilipeleka hivyohivyo kwenye vilima vya mchanga, na wageni wakalipenda zaidi kwa sababu benchi ya juu hutoa picha nzuri.

Jumamosi ile ya ajali alikuwa amekwisha kuwashusha wageni wa Nairobi. Sisemi zaidi, wewe fikiria tu kama wangalikuwa bado juu ya benchi. Akataka kurudi upesi, na badala ya kukiteremka kilima moja kwa moja akakikata kwa ubavu. Tairi za upande wa chini zikazama. Uzito wote alikuwa ameupandisha juu kwa jukwaa lake lile, gari likalala, kisha likageuka. Saad lilimtupa mbali, akainuka na mikwaruzo, na ufunguo wa akiba aliokuwa ameuvaa shingoni ukafukiwa humo mchangani hata leo haujaonekana. Kenga lilimlalia.

Kenga ndiye yule kijana wa Tezo, msaidizi wake, ambaye hukupokelea simu Saad akiwa na wageni. Nyonga imevunjika na mkono wa kushoto umetiwa vyuma. Mchanga laini ndio uliomwokoa, angalikuwa juu ya mwamba tungekuwa tumemzika. Madaktari wasema atatembea, lakini hawasemi lini.

Nilikwenda kumtazama, nikampelekea uji. Mkewe Pamela ameketi sakafuni kando ya kitanda, mimba imekuwa kubwa hata kuinuka huinuliwa. Nilimwuliza Kenga ilikuwaje. “Mama, mimi nilitoa mkono nishike chini,” akanambia. “Mtu akianguka si hushika chini?”

Ridhwan, nilitoka nje nikalia. Maana wewe huko ndiyo kazi yako. Wewe ndiwe ukaguaye magari hayahaya kabla hayajaingia jangwani. Wewe ndiwe uliyenisimulia kwamba mtu haingii bila helmeti na mkanda, na kwamba kabla ya safari kila mmoja huambiwa mikono aiweke ndani, kwa sababu gari likilala kila mwanadamu hutoa mkono. Mimi mshona mabuibui nimeyajua hayo kwa mdomo wako. Kenga hakuambiwa na mtu.

Mama asema ni kadari. Nimemwitikia, kwa sababu ni Mama na kwa sababu kadari naiamini. Lakini kadari ni ya Mungu, grenda ilikuwa ya Saad.

Sasa nafika kwenye lile linalonikosesha usingizi. Ungedhani baada ya hayo Saad angeliweka gari chini. Yeye amenyoosha usukani, amepaka rangi upya, na amempa ahadi Nabhani, mkweo mtarajiwa. Siku ya harusi ya Afiya, zefe likifika kwetu na nikaha ikiisha, atawapandisha maharusi wote wawili kwenye ile benchi, awapeleke vilimani kupigwa picha na kile kidege cha kamera, jua likiwa limelegea. Binti yako, Ridhwan. Na lile vazi linaloburura ninalolishona mimi mwenyewe, na viatu virefu, na mikono imejaa hina na maua. Likilala, atashika nini?

Nilimwambia Saad arudishe mbavu kwanza. Akacheka. “Da Shekha, mbavu zikirudi bibi harusi ataonekana kama kuku tengani.” Vipande alivyovikata viko uani kwangu, vimeegemea ukuta. Asema nikimsumbua sana ataviunga hapohapo kwa kuvipachika tu, ili ninyamaze. Na wewe ulinambia chuma cha namna ile kikishakatwa hakiungwi kienyeji, kwamba kitaonekana kizima na siku ya siku kitaachia.

Juzi ndipo aliponimaliza. Amekuja kazini kwangu na ile mikanda, vipande vipande, ina madoa ya mafuta na alama za spika, ataka niiunge kwa cherehani. Kwa uzi huuhuu wa mabuibui! Nikamwuliza kama ana akili timamu. Nikamwambia uzi huu wakatika mtu akichuchumaa vibaya, utamshikaje mtu gari likigeuka? Akanisukumia mikanda mezani pamoja na vyote alivyokuwa navyo mkononi. “Wewe wanitilia kisirani kwenye harusi,” akasema. “Ridhwan ndiye mwenye gari na hajakataa. Wewe wakataa kama nani?”

Akatoka akaubamiza mlango. Tangu hapo haji kwangu, ila nasikia apekua nyumba nzima na kumlaumu kila mtu.

Afiya naye hasemi nami. Ameiona ile video ya zefe la Iddi, moyo wake umekwama hapo. Asema wenzake wote wamepigwa picha nzuri, yeye peke yake shangazi ataka aolewe kizamani. Nimemwambia tumpeleke akamwone Kenga. Akakataa, asema harusi haianzi kwa kutazama wagonjwa. Zuhra yuko katikati, ajifanya hasikii. Nyumba ina harusi na hakuna anayecheka.

Nisikilize vizuri. Ile “hajakataa” ya Saad ndiyo iliyonishikisha kalamu. Najua hupendi kugombana naye. Tangu baba alipofariki umekuwa ukimbembeleza, kila akitaka wampa, kila akikosea waniambia “mwache dada, ni mtu mzima.” Mimi nakupenda kwa upole wako huo, lakini leo waniudhi. Huko kwenye kazi yako hukubali hata mgeni usiyemjua jina apande gari bovu. Huku mwanao atapandishwa kwenye gari lisilo na mbavu, nawe wanitumia kipicha cha dua. Kimya chako Saad amekigeuza ruhusa.

Sikuombi uje, najua likizo hawakupi. Nataka useme. Mpigie Saad, umwambie gari haligusi mchanga mpaka fundi anayejua kazi ameliundia mbavu mpya, mikanda mipya imeingia, jukwaa limeng’olewa na helmeti zipo. Mpigie Nabhani na baba yake, uwaambie maharusi watapigwa picha wakiwa wamesimama kwa miguu yao. Na mpigie Kenga. Hajapata neno kutoka kwako, na gari ni lako.

Harusi ni Ijumaa ya pili baada ya Maulidi. Muda upo, lakini si mwingi.

Mama akusalimu sana na akuombea asubuhi na jioni. Mjomba na watu wake wakusalimu. Zuhra akusalimu, asema ule udi ulioahidi usisahau. Pamela akusalimu. Afiya hakunipa salamu, lakini nakupa mimi kwa niaba yake, ni mwanangu vilevile. Na Kenga akusalimu. Aliniuliza kama gari lako limeharibika sana.

Halwa hiyo ni ya Mama, ameisimamia mwenyewe jikoni. Uile ukiwa peke yako, na ukifika chini ya kopo uende taratibu, kuna kitu nimekifunga kwenye nailoni. Ni ufunguo wa bagi. Saad aliuacha mezani kwangu juzi, pamoja na mikanda, kwa hasira zake, na mwingine hauko. Mimi dada mkubwa kuuficha ningeweza, lakini angenipekua mpaka aupate, na wote wangemsaidia. Sasa gari liko huku, bibi harusi yuko huku, ufunguo uko kwako. Ukiurudisha kabla mbavu hazijarudi, utakuwa umewapandisha wewe mwenyewe.

Mungu akulinde ugenini, akupe afya, riziki na ulimi wa kulisema unalolijua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira nawe,

Shekha