Kiti Kilichoupa Mlango Mgongo

Jumamosi jioni, hapa mtaani Umoja. Manyunyu tangu asubuhi, nguo zimekataa kukauka kwenye kamba, na mimi nina hasira ambayo nilidhani leo ningeimaliza. Wapi! Imehama tu.

Wanaonisoma hapa wanajua kazi yangu. Mimi ni mwanasaikolojia, nakaa na wanajeshi waliostaafu, wale waliorudi kutoka vitani na mwili mzima lakini usingizi nusu. Tunakutana kila Alhamisi kwenye ukumbi wa kanisa. Jumamosi, katika ukumbi uleule, najitolea kuwafundisha vijana wa mtaa stadi za maisha: hasira, woga, kusema hapana, kuomba msamaha. Ndiyo, mwalimu wa hasira ni mimi. Chekeni.

Majina nimebadilisha. Mzee mwenye kisa hiki ameniruhusu niandike, kwa sharti moja ambalo nitalitaja.

Wazee wangu wa Alhamisi wana desturi yao, mimi niliikuta. Viti vyote hubanwa ukutani ili kila mtu auone mlango. Hakuna askari anayeupa mlango mgongo. Isipokuwa kwenye kiti kimoja, kinachowekwa katikati. Ukimkosea mtu, unakaa hapo, mlango uko nyuma yako, unasema ulichofanya, na yule uliyemkosea ndiye anayekulindia mgongo. Nimeona mwanaume wa miraba minne akitetemeka kwenye kiti hicho.

Wiki nzima, kichwani mwangu, nimekuwa nikimwona Feli ameketi hapo.

Feli ni mwenzangu wa Jumamosi. Kijana mtanashati, mdomo mtamu, wanafunzi wanampenda kuliko mimi. Jumatatu transfoma ililipuka karibu na steji ya matatu. Sajini Mutiso, mmoja wa wazee wangu, alikuwa ananunua sukuma. Kabla watu hawajageuka, alikuwa ameshamwangusha mama mboga na kumfunika kwa mwili wake, mikono juu ya kichwa cha yule mama, akimuuliza, "Uko sawa? Uko sawa?" Feli alikuwa kibanda cha pili. Hakwenda kusaidia, alitoa simu akarekodi video.

Akaweka na muziki. Akaandika juu: Kamanda wa Sukuma Wiki.

Kufikia Jumanne mtaa mzima ulikuwa nayo. Watoto wakimwona Mutiso wanajitupa chini wakipiga kelele, "Lala chini! Lala chini!" Huyu ni mtu ambaye nilihangaika naye mpaka akaweza kwenda sokoni peke yake. Jumatano akafunga kibanda chake cha useremala. Alhamisi hakuja. Mkewe akanipigia analia: mzee amesema hatatokea kwenye ntheo ya Mwende, binti yao wa pekee, Jumamosi ijayo.

Kwa Wakamba ntheo si sherehe ya kupigia picha tu. Mbuzi wa upande wa bwana harusi wakishapokewa, binti amekuwa mke wa mtu. Sasa wageni watoke Kakamega na wazee wao, wamkute baba wa msichana amejifungia chumbani? Lakini wageni nao walikuwa wameshaiona video. Mwende alitumiwa na shemeji mtarajiwa, pamoja na vikatuni vya kucheka.

Nilimpigia Feli.

"Zii, Madam, hiyo ilikuwa mchezo tu," akaniambia. "Mbona unaikuza hivyo? Kwani nimemtaja jina?"

Hapo ndipo nilipoacha kuwa mwanasaikolojia.

Nitasema ukweli kwa sababu nimeahidi kuusema. Sikutaka Feli aelewe. Sikutaka ajifunze kitu. Nilitaka aaibike, mbele ya watu, na mtu amrekodi. Nilipanga nikiosha vyombo, nikapanga nikiwa kwenye foleni ya benki, na kila nikipanga nilisikia utamu mdomoni. Somo la leo lilikuwa woga. Ningemkalisha Feli katikati, mgongo kwa mlango, niwaambie vijana tunaonyesha jinsi mwili unavyoshtuka kabla akili haijafika. Kisha ningepasua baluni nyuma ya sikio lake. Nilimwomba msichana mmoja mwenye simu nzuri akae mbele. "Urekodi, ni kwa kumbukumbu ya somo," nikamwambia, uso mkavu kabisa.

Baluni nilinunua nyekundu. Kubwa.

Feli akaja na miwani ya jua, kwa mvua hii. Nikamwonyesha kiti, akakaa, akawapungia vijana mkono kama mheshimiwa. Nikasimama nyuma yake nikiwatazama wanafunzi. Mimi, ninayekaa na wale wazee kila wiki, nikaupa mlango mgongo na wala sikuwaza.

Mke wa Mutiso alikuwa ameniandikia kwamba amefaulu kumtoa mzee nyumbani, wanakuja nizungumze naye kidogo baada ya darasa. Ujumbe ulikuwa kwenye simu. Simu ilikuwa kwenye mkoba, sijaifungua.

Nikapasua.

Feli aliruka, tena vizuri sana, miwani ikaenda kule. Nikafurahi. Jamani, nilifurahi! Kisha kitu kizito kikanipita begani, Feli akawa chini sakafuni, na juu yake alikuwa Sajini Mutiso na koti lake la mvua, mikono juu ya kichwa cha yule kijana, akisema kwa sauti ileile ya kwenye video, "Uko sawa, kijana? Uko sawa?"

Hakuna aliyecheka. Msichana wa simu aliishusha mwenyewe.

Feli aligeuza shingo, akamtambua aliyemlalia, akaanza kulia. Si kilio cha kujionyesha, kilikuwa cha kamasi. "Nisamehe, mzee. Nisamehe." Mutiso hakumsikia, alikuwa bado mbali. Nikapiga magoti mahali anaponiona na kufanya kazi ninayoijua: nikamwita jina lake, nikamwambia leo ni Jumamosi, hapa ni Umoja, huu ni ukumbi wa kanisa, yule pale mlangoni ni mkeo. Alirudi polepole. Akaketi. Akaona kipande chekundu cha baluni mkononi mwangu.

"Ni wewe, Daktari?"

Nikasema ni mimi.

Mimi si daktari, nimewaambia mara nyingi, lakini wameng'ang'ania kuniita hivyo kwa heshima. Leo hiyo heshima ilinichoma. Kijana aliyemdhihaki hakujua anachokifanya. Mimi nilijua kuliko mtu yeyote kwenye ukumbi ule sauti ile inamfanya nini mtu kama Mutiso, na bado niliipiga kwa sababu nilikuwa na mtu wa kukomesha.

Feli aliifuta video palepale bila kuambiwa. Haisaidii, iko kwenye simu za mtaa mzima. Sijapendezwa naye. Akidhani machozi yamemaliza maneno, amenoa.

Mke wa Mutiso alileta chai. Hakuniangalia. Mzee alikunywa yake yote, halafu akasema kwenye ntheo atatokea. "Wakwe wameniona nikiwa chini. Waje sasa wanione nimesimama." Mkewe akafunika uso kwa leso.

Nikajaribu kuomba msamaha. Akaninyamazisha kwa kiganja. Akasema haya yote niyaandike, watu wa mtaa wasome, lakini na kosa langu niliandike, nisijifiche nyuma ya Feli. Hilo ndilo sharti.

Kisha akasimama, akafunga vifungo vya koti, akasema, "Alhamisi nakuja. Huyu kijana naye aje. Lakini kile kiti cha katikati, Daktari, ni chako."

Kwa hiyo Alhamisi nitakaa, mlango uko nyuma yangu, niseme nilichofanya. Niliowakosea ni wawili. Mutiso atakuwa ukutani, na Feli ukutani kando yake, akiutazama mlango.

Bado sijamsamehe Feli. Na yeye ndiye atakayenilindia mgongo.