Shemeji na Viini Vilivyolala

Ndugu yangu, acha unachofanya usome. Shemeji kaumbuliwa studio mbele ya kwaya nzima!

Unajua alivyoringia kompyuta mpya aliyoichagua mwenyewe. Dada alimwambia anunue yenye prosesa ya viini vichache vyenye kasi, yaani vile vibongo vya ndani vinavyogawana kazi, maana madoido yote ya sauti moja, mwangwi na mapambo mengine, hubebwa na kiini kimoja. Akacheka. "Mke wangu, hii ina viini kumi na sita! Wewe pokea wateja, sauti niachie mimi." Kumwambia hivyo Dada, mwenye studio, jamani!

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kujaribiwa, kiti cha fundi mkuu kiwe chake au kisiwe.

Mwimbaji wa kwaya akafungua kinywa. Shemeji akarundika madoido yote kwenye sauti hiyo moja. Spika zikakwaruza kama mtu anayetafuna kokoto. Akazima, akawasha. Zikakwaruza tena. Kola yote jasho.

Dada akaingia taratibu, akagusa kioo cha kompyuta kwa kidole. Kiini kimoja kimejaa pomoni, kumi na vitano vimelala.

"Baba watoto," akasema, na maikrofoni iko wazi, "umenunua mashine inayofanana na ukoo wenu. Mmoja anabeba mzigo, kumi na watano wanakoroma."

Waliangua kicheko! Kwaya nzima, waliangua!

Dada akamvua hedifoni shingoni, akakaa yeye kitini, akafuta madoido.

"Kesho nije?" Shemeji akauliza, kisauti hicho.

Hakumgeukia. Akamwambia mwimbaji, "Tuanze upya. Kelele nimeshaitoa."