Nesi Kaomba Kuona Dawa Zangu

Mpendwa mshauri Serafina, naandika kutoka Kwedizinga, naomba unisaidie kufikiri maana jambo hili limeninyima raha. Mimi ni mama wa makamo, natibu kwa mizizi na majani kama alivyotibu marehemu bibi yangu, na wapo wanaonijia mpaka kutoka Mashewa. Mwaka huu alinijia Sabiri, muuza machungwa wa Segera, miguu imevimba hata kandambili haziingii, akiamka uso umetuna, mkojo una povu, nikampa dawa ya kuchemsha, sikujua kwamba hospitali walishamwambia figo zake zimechoka na wakampa vidonge, na hospitali nao hawakujua habari ya sufuria yangu, kumbe alikuwa anatuficha wote wawili, mpaka akaanguka palepale kwenye machungwa yake akakimbizwa Korogwe akalazwa.

Aliporudi nyumbani tu, mkewe Rukaya kaja kwangu kutaka dawa nyingine. Nikamwambia sina. Halafu akaja Loyce, nesi wa zahanati yetu, nikajua huo ni ugomvi, nikasimama mlangoni. Akasema, "Shikamoo mama. Sikuja kukusema. Watu waliovimba wanaanzia kwako kabla ya kufika kwangu. Ukiwaona, unaweza kuniletea tuwapime mkojo na presha? Na mimi naomba unionyeshe unachowapa."

Mshauri, tangu nizaliwe hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kuniuliza kitu. Nikamwambia, "Marahaba. Kwani mkojo unawaambia nini?" Akacheka, akasema, "Njoo uone mwenyewe." Basi tangu hapo natamani kwenda, nataka kujua lile povu linatoka wapi, lakini kaka yangu Mwinjuma anasema nikionyesha mizizi ya bibi nimeuza ukoo, na Sabiri naye ananibembeleza, "Mama, nesi asijue habari ya sufuria, atanifukuza zahanati." Niende au ninyamaze?

Mama wa Kwedizinga

JIBU

Mama, pole, na umefanya vizuri kumnyima Rukaya ile dawa. Kwanza, majina yote nimeyabadilisha. Siku nyingine ukiandika gazetini, usimtaje mgonjwa wako.

Nikugombeze kidogo. Mtu kaja kwako kavimba hivyo, hukumuuliza anatumia dawa gani nyingine? Figo zikishachoka hazibagui kilichotoka hospitali na kilichotoka kwako, vyote vinapita humohumo. Swali hilo sasa liwe la kwanza, kabla hata hujamkaribisha kiti.

Siri ya Sabiri usiitoe akiwa hayupo. Lakini usimsaidie kuificha, maana daktari anayempangia vidonge bila kujua habari ya sufuria anapapasa gizani. Nenda kwake leo, mwambie: "Sikupi tena hata kijiko. Vidonge vyako usiviache. Twende wote kwa nesi, useme mwenyewe, nami nitakuwa pembeni yako." Anaogopa kufukuzwa. Akikuona wewe umekaa na nesi mnaongea, hofu hiyo itapungua. Siku hiyo mwombe nesi asimkaripie. Ampigie daktari wa Korogwe, amweleze vilivyokuwa kwenye ile sufuria.

Kaka yako mwambie hivi: hakuna aliyeomba kununua mizizi ya bibi. Kuna mgonjwa mmoja anayetibiwa na watu wawili, wewe na daktari, ambao hawajawahi kusalimiana. Bibi yenu alikuwa anatibu watu ili wapone, sasa huo ukoo unauzwaje mtu akipona?

Hilo la povu sitakujibu, kwa sababu hata mimi sijui vizuri, na nimekuonea wivu kidogo kwamba wewe utaelezwa. Usione aibu, muulize Loyce mpaka uelewe, naye akuulize yako. Nenda, ubebe mizizi yako kwenye kikapu, mchana kweupe.

Na yule atakayefika kwako kesho uso umetuna, usimwashie moto wa kuchemsha dawa. Funga mlango wako, mshike mkono, mwende zahanati pamoja.