Utabiri wa Saa Moja Jioni

Jumatano, 11 Februari

Mama Mawingu,

Salamu kutoka kwenye kiti kile kile unachokijua, chenye mguu mmoja mfupi. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kulia, ambalo siku hizi lina maoni yake. Wewe hujambo? Unakula, au unashindia chai? Chumba ulichopanga kimeacha kunuka rangi?

Jana jioni nilikusikiliza redioni ukisoma utabiri. Mwanangu, nilifurahi mpaka nikasahau chai jikoni. Sauti ni ya mama yako kabisa, Mungu amlaze pema. Nikamwambia jirani yangu wa cherehani kwamba anayetangaza mvua nchi nzima ni damu yangu, akasema basi nikuombe jua, ana nguo za wateja za kuanika.

Sasa nina maswali, na ukicheka tutagombana. Hicho kimbunga kilichoko baharini, nani anakisukuma? Saa ina springi, gari lina injini, na mimi unanijua, siwezi kuona kitu kinazunguka nisitake kukifungua nione ndani. Pili, mnasema kinadhoofika. Kinaumwa nini? Na kikifa kinakwenda wapi? Tatu, mbona mmekipa jina la mtu, kama mtoto aliyezaliwa juzi? Jina lenyewe limenishinda kulitamka. Mimi namwita Mgeni. Na wajua wenyewe, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Usihangaike na simu. Simu ilinichosha, ndiyo maana nilimpa jirani. Niandikie, barua ina faida ya kusomwa mara tatu.

Baba yako

*

Alhamisi, 12 Februari

Shikamoo baba,

Mimi sijambo, ila nimetoka kwenye mafua. Chumba kimeacha kunuka rangi, sasa kinanuka samaki wa jirani wa chini. Ninakula. Goti lipake ile dawa niliyokuachia, na usiwape watu wengine, maana nakujua.

Dereva wa basi ameniletea barua yako mpaka kazini, akamkabidhi mkuu wetu wa zamu, na bahasha imeandikwa kwa herufi kubwa "Mama Mawingu". Ofisi nzima sasa ndivyo inavyoniita. Ahsante sana, baba.

Nakujibu. Springi ya kimbunga ni maji ya bahari yenye joto. Hewa iliyo juu ya maji hayo inapanda, nyingine inakimbilia kuziba pengo, na kwa kuwa dunia yenyewe inazunguka, hewa inapinda njiani na kuanza kuzunguka nayo. Ikikuta maji baridi au nchi kavu, springi inalegea. Ndiko kudhoofika huko. Hakizikwi, kinabaki wingu kubwa lisilo na umbo, likitembea. Lakini hapa kazini tunaonyana kila mara kwamba kilicholegea ni upepo. Maji, huyu Mgeni wako bado ameyabeba. Mgeni akichoka kutembea ndipo anapotua mzigo, na hatujui atautua uani kwa nani. Majina yanatoka kwenye orodha iliyopangwa mapema, kila kimbunga na zamu yake. Huyu wako hakuchaguliwa kwa ubaya.

Tuna picha yake ukutani, inabadilika kila baada ya muda mfupi. Mwenzangu anaitazama huku anatafuna karanga, maganda yote kwenye kibodi.

Sasa na mimi nina swali. Umeisifu sauti yangu ya Jumanne. Baba, Jumanne mafua yalikuwa yamenikaba, sikusoma. Aliyesoma ni huyo wa karanga, mwanaume mwenye sauti ya kutikisa kikombe mezani. Kumbe marehemu mama alikuwa na besi?

Mwanao

*

Ijumaa, 13 Februari

Mama Mawingu,

Nimepokea barua yako mchana huu, pamoja na gazeti langu. Sisi wazima. Pole kwa mafua. Goti linakusalimu.

Kuhusu sauti ya Jumanne, mtu akizeeka kila anayesema vizuri humdhania ni mwanawe. Tuache hayo.

Ile springi imenikosesha raha kwa uzuri wake. Maji ya moto! Nimemweleza jirani, nimemweleza kinyozi, na mteja aliyekuja kuchukua saa ya mkononi nimemweleza mara mbili kwa sababu alikuwa na haraka. Nina swali lingine. Kama joto ndilo linalokizungusha, mbona sufuria langu halizunguki? Usiseme ni dogo. Nieleze.

Nimefurahi pia kukusikia jana jioni ukisema Mgeni ameshageuka, anashika njia ya kusini kurudi zake baharini, na huku kwetu ni mvua nyepesi tu ya hapa na pale. Ulisema kwa utulivu, kama mtu mwenye uhakika. Nilikuwa nataka kupandisha saa za wateja juu ya kabati, nikaona ya nini kujichosha. Ile saa kubwa ya shule iko sakafuni, matumbo nje, nimeipangia wiki nzima.

Jambo moja la kukuuliza wewe mtaalamu. Mto ulio nyuma ya karakana umebadilika rangi tangu asubuhi, umekuwa rangi ya chai ya maziwa, na hapa kwetu halijadondoka tone. Mto unabadilikaje rangi bila mvua?

Baba yako

*

Jumamosi, 14 Februari

Shikamoo baba,

Leo sikuulizi goti. Nisome mpaka mwisho ukiwa umesimama, na ukimaliza toka humo karakana.

Rangi hiyo ya chai ni udongo wa milimani. Mvua haijanyesha kwako, imenyesha huko juu, na inaendelea. Mgeni hakurudi baharini. Alhamisi mchana ndivyo tulivyodhani, tukawapelekea watu wa gazeti utabiri huo, maana wao huchukua mapema. Jioni, kabla sijaingia studio, picha ilibadilika. Upepo wake umekwisha, lakini wingu lake limekuja kulalia milima iliyo juu ya mto wenu. Redioni nilisema hivyo. Nilisema watu wa kando ya mto wahame kabla ya Jumamosi usiku. Nilirudia mara mbili.

Wewe unaniambia ulinisikia nikisema anarudi baharini. Maneno hayo hayakutoka kinywani mwangu, baba. Yako gazetini tu.

Nimekaa na barua zako mbili mezani tangu mchana. Nimekumbuka mengine pia. Simu uliyomgawia jirani. Siku ile mwaka jana nilipogonga mlango mpaka mkono ukavimba, nikaingilia dirishani, ukasema ulikuwa umelala, na ulikuwa umevaa miwani yako ya kazi.

Baba, umeacha kusikia?

Sina hasira. Ninaogopa, ndiyo hali yangu. Nampigia jirani wa cherehani, simu yake haipatikani. Nitaendelea kupiga mpaka ipatikane. Barua hii nampa dereva, ingawa ananiambia hajui kama daraja litamruhusu. Ukiipata, panda ghorofani kwa jirani. Saa ziache. Hata ya shule.

Kuna swali ambalo si la leo, lakini limenikaa kichwani nikakosa pa kuliweka. Kama husikii, saa unazitengenezaje? Mbona hakuna mteja aliyewahi kukurudishia?

Panda juu, tafadhali.

Mwanao

*

Jumatano, 18 Februari

Mwanangu,

Najua jirani ameshakuambia kwa simu kwamba mimi mzima, lakini nataka ulisikie kwangu. Mimi ni mzima. Goti limepanda ngazi nyingi kuliko lilivyozoea na limeninunia. Barua yako ya Jumamosi imefika leo, basi la kwanza kuvuka tangu siku ile. Nimeisoma nimesimama, kama ulivyoagiza, ingawa nilikuwa nimechelewa kidogo.

Umeme ulikatika Ijumaa, simu ya jirani ikazima. Jumamosi alasiri akaipeleka kwa kinyozi mwenye betri, akaiwasha, na wewe ukaingia hapo hapo. Mimi niko karakana na saa ya shule, mgongo mlangoni. Anasema aliita mpaka akachoka. Mara kikatupwa mbele yangu kitambaa cheusi, suti ya mtu hata haijashonwa, kimeandikwa kwa ile chaki yake: MTO UNAKUJA. MWANAO KAPIGA. PANDA.

Nilibisha. Nilimwonyesha gazeti, nikamwambia mwanangu mwenyewe kasema Mgeni kaondoka. Akaninyang'anya gazeti, akalitupa mlangoni, na pale mlangoni likaanza kuelea.

Sikubisha tena. Kinyozi alibeba saa ya shule, jirani alibeba za ukutani, mimi nikabeba redio na sanduku la vifaa. Maji yalifika kwenye dirisha la karakana. Kiti changu kimekwenda, na mguu wake mfupi. Saa za watu zote ziko huku juu, kati ya marobota ya vitambaa, zinaendelea na kazi.

Sasa swali lako. Ndiyo, nimeacha kusikia. Lilianza sikio moja, nikadhani ni nta, la pili likafuata, nikajifunza kusoma midomo ya watu. Sikukuambia kwa sababu nilijua utakuja kunichukua, unikalishe kwenye hicho chumba cha harufu ya samaki, nitazame ukuta mpaka nife. Na nani atampa kiziwi saa yake aisikilize? Kumbe mtaa mzima unajua. Jirani anasema wateja wakiniita kutoka nje, yeye ndiye aliyekuwa akiwaitikia. Mwaka mzima nimemficha mtu mmoja tu, naye ni wewe. Imeniuma.

Saa natengeneza hivi. Nachukua ile bisibisi ndefu, ncha naigusisha saa, mpini nauma kwa meno. Mdundo unapanda kwenye taya mpaka kichwani, safi kabisa, naweza kukwambia gurudumu gani linalegea. Masikio yamefunga duka, mfupa bado uko kazini.

Na kila siku ikifika saa moja jioni nilikuwa nawasha redio. Naweka kiganja juu yake, natazama taa yake nyekundu, nahisi kuna mtu anaongea, najiambia ni yeye. Kesho yake nanunua gazeti nijue ulisema nini. Huo ndio usikilizaji wangu.

Usinihamishe.

Baba yako

*

Ijumaa, 20 Februari

Shikamoo baba,

Nimeisoma barua yako chooni kazini, kwa sababu nilijua nitalia, na nikalia. Sasa sijambo. Mwenye karanga amenipa nusu ya karanga zake bila kuuliza kitu.

Sikuhamishi. Nakuja Jumamosi ijayo nikimaliza zamu, tutakwenda wote kwa daktari wa masikio, na hapo hakuna kubisha. Jirani mwambie nadaiwa suti, na mwambie pia kwamba sina la kumlipa linalotosha.

Mgeni amekwisha, baba. Jana tumemfuta kwenye ramani. Nilijikuta namtazama mpaka mwisho, mpaka akawa doa tu. Sufuria lako nitakueleza nikija, na kweli ni dogo.

Ila kuna jambo nimelifikiria njia nzima nikienda nyumbani, na nimeshangaa kwamba sisi wawili, watu wa kufungua kila kitu, hatukuliona. Ile bisibisi. Hujawahi kuigusisha redio?

Mwanao

*

Jumapili, 22 Februari

Mama Mawingu,

Salamu zitafuata, wino usije ukakauka kabla sijasema.

Barua yako imefika jana jioni, saa moja ikiwa imeshapita. Usiku mzima nimeitazama redio. Leo nimeivua kile kitambaa chake cha mbele, nikaifungulia sauti mpaka mwisho, nikaweka ncha kwenye spika yenyewe, nikauma. Jirani, aliye chumba cha pili huku ghorofani, akagonga ukuta wake kwa hasira. Sikumsikia, niliona kalenda inacheza.

Umesema hivi. Kesho jua asubuhi, mawingu machache mchana, upepo wa wastani kutoka mashariki. Mito ya milimani inaendelea kupungua. Halafu umekohoa. Ukasema samahani, ukarudia neno "mashariki". Nimeandika hapa kabla gazeti halijafika, na hata likifika, hiyo samahani haitakuwemo.

Nimekaa nimeuma bisibisi mpaka wakaanza kusoma matangazo ya vifo, na machozi yananitoka, na jirani amesimama mlangoni amebeba chaki yake hajui aandike nini.

Kuhusu sauti, niliyosema mwanzo yafute. Si ya mama yako hata kidogo. Ni ya shangazi yako, ile ya kufukuza mbuzi. Sasa ndiyo najua.

Kesho soma polepole kidogo. Meno yanauma, na sitaki kupitwa na neno.

Baba yako