Wachumba wa Hayakuhusu

Sapiwi, Bariadi

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Kwa heshima na taadhima natangaza kwako, kwa wajomba na kwa ukoo wote wa Kondoa, kwamba binti wa nyumba yangu amevunja ungo. Ni mbwa. Najua unavyosema kuhusu mbwa, kwa hiyo nakuhakikishia kwamba analala nje na chombo chake ni chake. Nilimkuta hapa nilipopanga. Mpangaji aliyenitangulia alimpa jina Hayakuhusu, ili kila akimwita, jirani asikie.

Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomwagiza Zuhura akununulie umeipata? Mimi ni mzima. Duka la vipuri vya baiskeli na plau linanilisha, ingawa msimu huu watu wanangoja pamba iuzwe, basi wanakuja kushikashika bidhaa na kuzirudisha mahali pake.

Sasa habari yenyewe. Alfajiri moja nilifungua mlango nichote maji ya udhu, nikakuta mbwa wamekaa nje ya uzio wa minyaa. Hawabweki, hawagombani. Wamekaa kama watu wa msibani, nyuso zote zimeelekea mlango wangu. Wengi sikuwajua, na mbwa wa hapa nawajua kuliko wateja. Nikarusha kipande cha kuni. Wakasogea kukipisha, wakakaa tena.

Mwenye nyumba wangu, Mzee Masanja, akatoka na fimbo yake akielekea zizini. Akasimama.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia Kisukuma.

Alinyoosha fimbo polepole kumwelekea mbwa mwekundu mwenye sikio lililochanika, aliyekaa peke yake nyuma ya wenzake.

"Yule nilimzika," akasema. "Kwa mikono yangu. Kiangazi kilichopita."

"Mbwa wekundu wako wengi, baba."

"Wenye sikio lile?"

Siku ile mzee hakula. Jioni aliwaita wanawe, akawaonyesha ng'ombe gani ni wa nani. Kisha akaniambia kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi: "Mwanangu, huyo jike wako ndiye anayewaita. Anawaita walio hai na wasio hai. Muue, au nitamuua mimi."

Mama, mzee huyu ndiye aliyeninywesha uji nilipougua malaria. Lakini Hayakuhusu naye hajawahi kuniuliza nimetoka wapi, na duka halijavunjwa tangu nimfuge.

Nikamwendea bwana mifugo. Ni mwanamke, lakini hapa wote wanamwita bwana mifugo, naye anaitika. Akaja na pikipiki, akamkagua, akacheka.

"Yuko kwenye joto tu, anataka dume. Ungeniita akiwa na miezi sita, kabla ya joto la kwanza, tungeshamaliza. Nikimpasua sasa atavuja damu nyingi. Acha joto liishe, ngoja miezi miwili mitatu, ndipo nimfunge kizazi."

"Shilingi ngapi?"

"Elfu themanini, dawa ya usingizi na nyuzi humo humo. Akishika mimba, bei inapanda."

Mzee Masanja akaguna. "Elfu themanini? Maksai wangu wote nimewahasi mwenyewe." Akaingia ndani, akatoka na koleo lake la kuhasia ng'ombe, akamzunguka Hayakuhusu akitafuta pa kubana.

"Mzee, vya dume viko nje," bwana mifugo akamwambia. "Vya huyu viko tumboni. Lazima nifungue."

Mzee akalirudisha koleo ndani. Nadhani aibu ndiyo iliyomwokoa mbwa wangu, maana alikubali tungoje, mradi afungiwe stoo.

Wa nje nao wakangoja. Kila alfajiri nawakuta palepale, kimya, kana kwamba kuna jambo wameambiwa sisi hatujaambiwa. Joto lilipoisha wakaondoka wote kwa pamoja, wakaacha nyasi zimelala mahali walipokuwa wamekaa. Wote isipokuwa yule mwekundu. Yeye aliingia ndani ya uzio, akawa anakaa mkabala na mlango wa mzee. Mzee naye akatoa kigoda, akakaa mkabala naye. Wanatazamana mpaka jua linazama. Nilimsikia akimsemesha Kisukuma kwa sauti ya chini, ananyamaza kama anayesikiliza, kisha anaitikia. Amekonda, Mama. Juzi aliniuliza sisi Waislamu tunazikwa tukielekea wapi.

Hayakuhusu ameshafungwa kizazi, juu ya meza ya duka langu, na anakula vizuri. Nilidhani mwekundu sasa ataondoka. Hakuondoka. Mzee anasema anangojwa yeye, si mbwa.

Nisalimie dada Zuhura, na Mjomba Ramadhani fundi saa, na yule bibi mkunga wa jirani. Mwalimu wangu wa madrasa msalimie pia, ila yeye usimtajie mbwa.

Mimi mwanao, nikuonaye kila nikisonga ugali wa mtama,
Athumani

Sijampata wa kumpa barua hii, basi naongeza. Leo bwana mifugo amekuja kutoa nyuzi. Mzee Masanja akamvuta kando, akamwomba amtazame yule mwekundu kama anapumua. Sisi wengine hakuna aliyewahi kumgusa. Bwana mifugo akachuchumaa, akamshika mbavu, akampapasa tumbo, akainua mkia.

"Uliyemzika alikuwa dume?"

"Dume," mzee akasema.

"Huyu ni jike. Ana mimba."